Uzi: Sura ya kumi na moja imekwama majini. Naandika riwaya Lamu, nawasomea watu kiwandani (ua wa ndani ya nyumba)

#1 · Binti wa Mkomani

Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote.

Leo ni siku ya nne sijaandika hata mstari mmoja. Siumwi, wala sina shughuli kubwa. Sura ya kumi na moja ya riwaya yangu imekwama kwa sababu ya maji kujaa na kupwa, na nimeona nije niwaeleze, maana najua hapa hapakosi wavuvi, walimu na watu wapendao kusoma.

Niseme kwanza mimi ni nani. Ni mwalimu wa shule ya msingi na ni mwandishi. Naishi Lamu, Mkomani, katika nyumba ya mawe aliyotuachia babu. Kitabu changu cha kwanza kilitoka miaka saba iliyopita. Hiki cha pili kinasimulia habari za mwanamke wa hapa hapa ambaye mumewe aliondoka mwaka 1958 kwenda kutafuta kazi bandarini Mombasa, akapotea miaka sita, hana barua hana salamu. Sura ya kumi na moja ndiyo usiku anaorudi.

Kitabu cha kwanza nilikiandika kwa kujificha. Usiku, mlango umefungwa, watu wa nyumbani wakidhani nasahihisha madaftari ya watoto. Kilipotoka, jamaa na majirani walikinunua kwa mapenzi, wakakiweka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pamoja na sahani za kale, na tangu siku hiyo sikumsikia mtu akikitaja. Liliniuma sana. Nilikuwa nimeandika habari za nyumba zao na vyakula vyao, na sikuwahi kumuuliza mmoja wao neno.

Hiki cha pili kimekwenda njia nyingine, na sikuipanga mimi. Shangazi yangu macho yamefifia, kusoma hawezi tena. Mwaka juzi akaniambia, "Hebu nisomee hicho unachokiandika kila siku." Nikamsomea ukurasa mmoja baada ya alasiri, tumekaa kiwandani, yeye akifunga vikuba.

Kama hujaona kikuba kikifungwa, ni hivi. Sinia ya asmini iko mapajani, vikonyo bado vimefumba, vitafunguka usiku. Kando pana rehani mbichi na vipande vya mkadi. Shangazi hushika jani la rehani, akalipachika asmini tatu nne, akaongeza mkadi, akazungusha uzi mara tatu na kuukata kwa meno. Macho hayaoni lakini vidole havikosei. Kiwanda chote hunukia, na karatasi zangu nazo hunukia mpaka kesho yake.

Basi siku ile nilianza kuitazama ile mikono kuliko ukurasa. Nilipofika mahali nilipoandika kwa ukweli, mikono ilisimama na uzi ukabaki hewani. Nilipofika mahali nilipoyapamba maneno ili nionekane msomi, mikono ikaendelea na kazi yake. Hakusema lolote. Usiku ule nilifuta kurasa mbili.

Siku hizi tunakuwa wanawake saba wanane. Mmoja huja na mchele wake wa kuchagua, mwingine ananyonyesha, mabinti wanakaa ngazini. Nasoma kurasa mbili, tatu zikizidi, kisha wanasema. Sura ya tatu nilimwacha mtoto ndani ya nyumba tangu asubuhi, mama yake yuko msibani, na mimi nikamfuata mama, nikamsahau mtoto. Nilipomaliza kusoma, binti wa jirani, umri wake miaka minane, akauliza: "Na yule mtoto alikula?" Nilirudi nikaandika mistari minne: bibi wa mlango wa pili anaingia, anampa kipande cha mkate wa mofa wa jana, anamchovyea katika chai. Mistari hiyo minne ndiyo wanayoniomba niirudie kila mara.

Sasa kuhusu maji. Niliandika kwamba mume anarudi usiku wa mwezi kumi na tano, mwezi umejaa, saa nne za usiku, na jahazi linakuja mpaka ubavu wake unagusa ngazi za gati. Mke yuko pale kwa bahati, anamtambua kwa mwanga wa mwezi. Nilikuwa naipenda mno sura hiyo. Nimeiandika mara sita.

Kumbe ami yangu alikuwa amekaa nje dakani, kwenye baraza ya mlangoni, na mlango u wazi. Ami alivua samaki miaka arubaini. Akaita kutoka nje: "Mwanangu, hapo chombo chako kimepanda tope. Mwezi kumi na tano, saa nne za usiku, mai yamekupwa. Hapana mtu ashukao kwa ngazi saa hiyo."

Ni kweli tupu. Mwezi ukijaa ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua ya kwetu maji hujaa mwendo wa saa kumi na kupwa mwendo wa saa nne. Nimezaliwa hatua mia tatu kutoka baharini, na nikaandika maji ya kwenye ndoto.

Nikiuondoa mwezi, hamuoni. Nikiondoa saa nne, mke hana sababu ya kuwa pwani. Nikiondoa gati, mume anashuka matopeni na ile heshima ya kurudi kwake inapotea. Nishaurini.

#2 · Chaki na Ubao

Wa aleikum salaam mwalimu mwenzangu. Nakuandikia kutoka Malindi.

Mimi ningeuondoa mwezi. Mpe mtu mmoja kwenye jahazi kandili, aiinue juu wakati wa kufunga kamba, na uso uonekane kwa nukta chache tu. Uso unaoonekana kidogo humshtua mtu zaidi.

Lakini lililonifanya niandike ni yule mtoto wa "alikula?" Darasa langu lina kipindi cha insha kila Alhamisi, na kwa miaka nimewafundisha wafungue insha kwa methali na kuifunga kwa methali. Mwaka huu nikajaribu kuwaambia: someni kwa sauti, na mwenzenu aulize swali moja tu. Msichana mmoja, nyumbani kwao wanasema Kigiriama, aliandika juu ya nyanya yake anavyokoka moto asubuhi. Mwenzake akamuuliza, "Kuni alizitoa wapi?" Ile insha ilirudi wiki iliyofuata na kurasa tatu za njia ya kwenda kutafuta kuni, na ni insha bora niliyosoma mwaka huu. Methali haikuwamo hata moja.

#3 · Nahodha Mstaafu

Salaam nyingi bi mkubwa. Huyo ami yako ni mjuzi, mpe heshima yake.

Mimi nimeendesha majahazi baina ya Mombasa na Lamu tangu ujana. Usiuondoe mwezi na usiiondoe gati. Badilisha saa. Chombo kitokacho Mombasa kikafika usiku na maji yamekupwa, nahodha hakilazimishi. Hutia nanga Shela, kijiji cha karibu na mji, watu wakala walichonacho, wakalala juu ya mizigo. Maji yakianza kujaa, yanaingia mlangoni kwa nguvu baina ya Shela na kisiwa cha Manda, na chombo kinapanda nayo mpaka mjini bila taabu. Saa kumi alfajiri maji yamejaa hasa, gati imefikika, na mwezi wako bado uko juu, umeelekea magharibi.

Tena fikiria mwenyewe. Mtu amekaa miaka sita Mombasa. Amefika Shela saa nne usiku, anauona mji wake taa zake zile pale, na hawezi kwenda. Analala sitahani akiutazama saa sita nzima. Hapo una sura nyingine ya bure.

#4 · Mtu wa Tanga

Shikamoo dada mwandishi, na shikamoo nahodha.

Nimeusoma uzi huu kwa raha, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo, na nasema kwa nia njema.

Huko kwenu watu wametunga kwa ajili ya masikio tangu enzi. Chuo cha Herekali, ule utendi wa kale, kiliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728, na hata anayekisoma leo anasikia kwamba kilitungwa kiimbwe mbele ya watu. Riwaya ni mgeni. Ile ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza kwa Kiswahili, Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ilitoka mwaka 1934. Haijafika hata miaka mia. Na kwangu mimi uzuri wa riwaya ni kwamba inamchukua mtu pembeni. Unakaa nayo peke yako, inakuambia mambo ambayo mbele za watu yasingesemwa.

Sasa ukiisoma kiwandani mbele ya shangazi, jirani na watoto, je, yale mambo ya ndani kabisa utayaandika? Nina wasiwasi kitabu kitakuwa cha adabu kupita kiasi. Na ukimsikiliza kila mmoja, mwisho wahusika wako watafanya kile ambacho mtaa unakipenda.

#5 · Binti wa Mkomani

Chaki na Ubao, ahsante kwa habari ya kuni. Nahodha, sina neno la kukushukuru. Ile ya kulala Shela akiutazama mji nimeiandika jana usiku mpaka saa saba, na wino umenitoka vidoleni kwa tabu.

Mtu wa Tanga, marahaba, na ahsante kwa kunieleza wazi. Umegusa jambo ninalolifikiria kila siku, na sitaki kulijibu kwa haraka.

Ni kweli yapo ambayo siyasomi kiwandani. Sura ya nane ina usiku mmoja wa mwanamke huyu akiwa peke yake na hasira zake, na sura hiyo nilimsomea shangazi peke yake, mlango umefungwa, baada ya isha. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Hapo umeogopa," akanionyesha mahali. Nilikuwa nimeogopa kweli. Nikaandika upya, na nilipomrudia sikuogopa tena. Kwa hiyo ile adabu unayoihofia, mara nyingi ilitoka kwangu. Yeye ndiye aliyenisukuma niivuke.

Kuhusu kumsikiliza kila mtu, nakubaliana nawe kwa sehemu. Mambo ya maji, upepo, chakula, nguo, bei ya pishi ya mtama na jinsi maiti anavyotolewa nyumbani, hapo mimi ni mwanafunzi na sibishani na mtu. Lakini shangazi anataka mwanamke yule amsamehe mumewe alfajiri ile ile, pale pale gatini. Amenieleza mara nyingi. Jirani yetu anataka amfungie mlango. Mabinti wa ngazini wanataka awe ameshaolewa na mtu mwingine. Hapo nawasikiliza wote, na naenda chumbani kufanya ninaloliona kwa mwanamke yule ninayemjua mimi. Siku moja shangazi alikasirika, hakunisemesha siku tatu kwa jambo nililomtendea mhusika. Siku ya nne akasema, "Lete tuone umefika wapi." Alikuwa bado hajakubali. Alitaka kujua.

#6 · Pate Yangu

Mashallah, mashallah. Nami nitie langu, niko Mombasa lakini kitovu changu kiko Pate.

Mtu wa Tanga amesema kweli kuhusu kusikia, lakini asisahau kwamba huku kwetu palikuwa na mwandishi aliyemwandikia mtu mmoja tu. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa alipoutunga utendi wake mwaka 1858, na alimtungia binti yake, amuachie la kushika atakapokuwa hayupo. Mama na mwanawe, basi. Hakuna aliyekusudia usomwe madarasani. Mimi niliusikia kwa bibi yangu, na bibi hakuwahi kuushika ukiwa kitabu. Kwa hiyo sioni kama la siri na la kiwandani yanagombana.

Binti wa Mkomani, nina swali ambalo naona hamjaliuliza. Mwezi kumi na tano ya mwezi gani? Ikiwa ni kumi na tano Ramadhani, saa kumi alfajiri mji mzima uko macho kwa daku, na mkeo hawezi kuwa peke yake pwani. Ikiwa ni Shaabani, watu wameukesha usiku ule kwa ibada. Chagua vizuri.

#7 · Nahodha Mstaafu

Bi huyo wa Pate kauliza la maana. Na mimi naongeza la upepo. Kutoka Mombasa kuja Lamu kwa tanga ni kusi, upepo wa kusini. Usiniweke mwezi wa tano, hapo kusi ni kali na ni masika, mawingu yameufunika huo mwezi wako siku kumi. Iweke demani, kusi imelegea, bahari imetulia, mbingu nyeupe. Septemba ni nzuri.

#8 · Kofia ya Kiua

Assalaam aleikum. Mimi ni kijana, nipo Langoni hapa Lamu, nashona kofia, na usiku naandika hadithi kwenye simu. Sijawahi kumwambia mtu. Nimesoma huu uzi mara mbili.

Nina maswali, bi mkubwa, kama hutachoka. Unapata wapi muda? Mimi kofia moja ya kazi nzuri hunichukua miezi. Kitambaa kimechorwa, kila kijitundu nakifungua kwa sindano, nakizungushia uzi pande zote mpaka kingo zikaze, naingia kingine. Jioni macho yamechoka. Nikichukua simu niandike, naandika mistari mitano, naifuta minne.

Na la pili. Niandike Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, au Kiswahili sanifu? Wahusika wangu wote ni watu wa Langoni. Nikiwaandikia sanifu, hawafanani nao. Nikiwaandikia Kiamu, naogopa nitaambiwa sijui kuandika.

Huwa nasoma kwenye maktaba ya Ngome ya Lamu. Babu alikuwa akisema alikuwa haipendi kupita pale, ilikuwa jela mpaka 1984. Mimi naingia kwa hiari yangu na natoka na kitabu.

#9 · Binti wa Mkomani

Mwanangu Kofia ya Kiua, wa aleikum salaam. Leo nitakujibu wewe tu, wengine wanisamehe.

Muda. Mimi huamka kabla ya alfajiri. Nikishaswali, nyumba bado kimya, naandika ukurasa mmoja wa daftari. Mmoja tu. Saa kumi na mbili na nusu nashika kazi za nyumba, saa moja niko njiani kwenda shule. Naandika kwa kalamu katika daftari kubwa la kurasa mia mbili, lile la jalada gumu, kwa sababu daftari haliniambii nifute. Neno baya nalipiga mstari na linabaki pale, na mara nyingine baada ya mwezi nalirudia nakuta ndilo lililokuwa sawa. Simu yako ina ubaya huo, inafuta bila kuacha alama. Kama utaweza, nunua daftari. Na kama huwezi, usifute. Shuka mstari, andika tena chini yake.

Umesema mistari mitano kwa usiku. Kofia yako ina vitundu vingapi? Hukifungui kitundu cha mwisho siku ya kwanza.

Lugha. Hili lina kidonda kwangu. Kitabu cha kwanza nilikipeleka kwa wachapishaji fulani, sitawataja. Walikaa nacho miaka miwili. Kiliporudi, kila mahali mhusika wangu aliposema "mato" palikuwa pamepigwa wino mwekundu, pembeni "macho". "Ndia" ikafanywa "njia". "Nti" ikafanywa "nchi". Bibi wa miaka themanini, hajatoka kisiwani, alikuwa anazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nililia, mwanangu, si kwa ajili ya vitabu, kwa ajili ya bibi yule, maana nilimchukua kwa mtu ninayemjua. Nikakubali, kwa sababu nilitaka kitabu kitoke. Mpaka leo ukurasa ule siwezi kuufungua.

Ujue hivi: hicho kinachoitwa sanifu kilichaguliwa. Mwaka 1928 walikutana Mombasa wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi, na wangeweza kuchagua vinginevyo. Washairi wa pwani yetu walitunga kwa Kiamu karne nzima kabla ya hapo, na watu wa Mombasa na wa Unguja waliwaelewa na kuwaiga. Siichukii sanifu. Naifundisha, naiandika hapa sasa hivi, inaniwezesha kuzungumza na ndugu yetu wa Tanga bila kujieleza. Katika kitabu hiki ninachokiandika, masimulizi ni sanifu, na mtu akifungua kinywa anasema kama anavyosema. Akisema "ndoo" kwa maana ya "njoo", inabaki "ndoo". Msomaji wa mbali ataelewa kwa mahali lilipo neno. Na akija mwenye wino mwekundu, safari hii nitakaa naye kitako tuzungumze.

La mwisho, hukuliuliza lakini nalisikia ndani ya maneno yako. Umesema hujamwambia mtu. Unaposhona kofia mmekaa wangapi pale barazani? Watano? Sita? Wewe una wasikilizaji tayari, mikono yao ina kazi na masikio yao yako huru. Wasomee mistari mitano. Anza na ile minne unayoifuta.

Na furaha ndogo ndogo zisikupite. Mimi nina daftari dogo la kando, naandika moja kwa siku. Za wiki hii nakunakilia:

Muuza kahawa akipita usiku anagonganisha vikombe, na mbwembwe yake ni ile ile tangu nikiwa mtoto, ila mkono ni wa mwanawe.

Punda wa jirani alikataa kupita chini ya wikio, lile daraja la kuunganisha nyumba mbili juu ya njia, mpaka kivuli kiliposogea.

Mvua ya ghafla juu ya makuti, na sisi wanane tumejibanza upande mmoja wa kiwanda, na shangazi anasema "endelea kusoma, sauti iko wapi?"

Neno "demani". Nimelijua maisha yangu yote na sikuwahi kuliandika mpaka nahodha aliponikumbusha.

#10 · Mtu wa Tanga

Dada, nimekuelewa. Kile cha sura ya nane na mlango uliofungwa kimenitosha. Na kijana wa kofia, ukiogopa kuwasomea wa hapo barazani, nitumie mimi hiyo mistari mitano. Nitakusomea kwa umakini na nitakuuliza swali moja, kama mwalimu wa Malindi alivyosema.

#11 · Binti wa Mkomani

Nimerudi jamani, baada ya wiki.

Kwanza majibu ya bi wa Pate. Nimekaa na kalenda. Hadithi yangu ni Septemba 1964, na mwezi mpevu wa Septemba ile unaangukia Mfunguo Nane, mwezi wa nane baada ya Ramadhani. Hakuna kufunga, hakuna daku, hakuna maulidi. Mji umelala. Kwa nini mke yuko pwani saa kumi alfajiri? Kwa sababu tangu sura ya pili nilimfanya muuza mikate ya mofa, na mofa huwashwa kabla ya alfajiri. Amemaliza kuni, ametoka kuomba kwa jirani anayekaa pwani. Nilikuwa na jibu kitabuni mwangu miaka mitatu sikuliona. Chaki na Ubao, ni kuni zako hizo.

Jana baada ya alasiri nikawasomea. Tulikuwa tisa. Ami alikuwa dakani, safari hii amesogeza kiti karibu na mlango. Nikasoma jahazi linatoka Shela na maji ya kujaa, nikasoma mwezi, nikasoma mke amesimama juu ya ngazi za gati, mwanga umemuangukia usoni, mume anamwona.

Shangazi akaweka uzi chini.

"Huonekani," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwezi wa saa hiyo uko nyuma ya mui (mji). Umeshakwenda kwa machweo. Nyumba za pwani zimeuziba, kivuli chafika mpaka majini. Mwenye kusimama gatini yuko gizani, hapana amuonaye. Aliye chomboni ndiye apigwaye na mwanga. Wewe wamuona yeye uso mzima, na yeye hakuoni. Aweza kukupita."

Hakuna aliyesema kitu. Nikatazama mikono yake. Asmini ilikuwa imelala kiganjani, haijafungwa.

Sikumuuliza amejuaje. Hata jirani, ambaye huuliza kila kitu, hakuuliza.

Usiku nikaandika upya. Nawawekea sehemu ndogo tu, mnisamehe kwa makosa, bado ni mbichi:

*Alimjua kabla chombo hakijafika. Alimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza ukuta. Mwezi ulikuwa umempaka uso wote. Alikonda. Ndevu zilikuwa na weupe ambao hakuondoka nao. Akawa anautazama mji, akatazama ngazi, akamtazama hapo hapo aliposimama, na macho yake yakapita. Hakumwona. Mwanamke akashika kuni zake vizuri. Alikuwa na muda, kadiri ya makasia kumi, wa kuamua kama atasema.*

Nimesimamia hapo. Akisema au asiposema, hilo ni la sura ya kumi na mbili. Shangazi amekwishanipa maoni yake, mnayajua.

#12 · Kofia ya Kiua

Bi mkubwa, niliposoma hapo nilienda pwani kweli. Alfajiri ya leo mwezi si mpevu, lakini nimesimama gatini. Kivuli kinafika majini kama alivyosema.

Na niliwasomea. Mistari mitano. Mzee mmoja aliniambia nisome tena, alikuwa hajasikia vizuri kwa sababu ya punda. Nikasoma tena.

#13 · Nahodha Mstaafu

Maneno mazuri sana, bi mkubwa. Nimemsomea mke wangu na yeye akataka kujua atasema au hatasema, nikamwambia mwandishi mwenyewe bado.

Jambo moja tu. Jahazi halipigwi makasia. Likifika hapo tanga limetuliwa, mtu yuko gubetini, mbele ya chombo, wanalisogeza kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia.

#14 · Binti wa Mkomani

Upondo! Ahsante nahodha. Nafuta makasia sasa hivi.